Nakala Tatu za Sauti ya Ashura

Hapo zamani, na si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi tu, watu walipoacha kuweka muziki kwenye kanda wakaanza kuuweka kwenye kompyuta, palikuwa na mama mmoja mjini Muheza, jina lake Bi Nyamvula. Mumewe alikuwa Mzee Mhando, mchana fundi redio, jioni mpiga gitaa kwenye bendi, na maisha yake yote mtu wa kurekodi.

Bendi ikija mjini, anarekodi. Kwaya ikifanya mazoezi, anarekodi. Ngoma ikipigwa kijiji cha pili, anapanda baiskeli, anakwenda, anarekodi. Na pale ambapo mwanamume haingii, ndani kwa wanawake siku ya kumfunda bibi harusi, alimpa mkewe kinasa sauti kidogo akamwambia, "Kiweke chini ya kiti, bonyeza hapa pekundu, basi."

Bi Nyamvula hakukiweka chini ya kiti. Alikiweka juu ya mkeka, mbele ya macho ya wote, akasema, "Jamani, mume wangu anaomba kuzihifadhi nyimbo hizi. Sauti zenu hazitatoka nyumbani kwangu. Asiyetaka aseme."

Hakuna aliyesema. Wakaimba.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo mdogo wake, Ashura. Ashura akifungua kinywa, hata waliokuwa wakigawa chakula walisimama na sinia mikononi. Lakini Ashura hakuishi. Alifariki siku aliyojifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo, Hidaya, akachukuliwa na ndugu za baba yake wakaenda naye Tabora. Ukabaki wimbo mmoja, dakika saba, Ashura anaimba peke yake na wenzake wanampigia makofi.

Miaka ikapita, kanda zikaota ukungu. Mzee Mhando akanunua kompyuta, akakaa miaka miwili akizihamisha, kanda moja baada ya nyingine. Nyimbo za bendi akaziweka kwenye folda moja, za kwaya nyingine, za ngoma nyingine. Nyimbo za wanawake akazipa folda yao, akaiandika "Sauti za Ndani". Kanda zenyewe zilikuwa zimechoka, zikishapita kwenye mashine mara hiyo ya mwisho utepe unakatika vipande vipande. Akazichoma. Muziki wote ukawa ndani ya kisanduku kimoja, mezani sebuleni.

Alipolala kitandani pa kufia, aliwaita watoto wake wawili. Mbwana, mwalimu wa sekondari, anakaa nyumba hiyo hiyo na mkewe Semeni. Mwasiti, dada yake, ana kibanda Korogwe karibu na stendi, anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu. Mzee akawaambia maneno mawili.

La kwanza, "Muziki huu usikae mahali pamoja. Mashine hufa kama watu."

La pili, "Sauti za Ndani zisitoke nyumba hii. Mama yenu aliwapa wenzake neno lake."

Watoto wakaitikia. Bi Nyamvula, aliyeshika kikombe cha uji, akaitikia pia. Matanga yalipokwisha kuanuliwa na wageni kuondoka, ndipo alipoyarudia maneno yale moyoni, akabung'aa. Usikae mahali pamoja. Usitoke nyumba hii. Sasa ukae wapi? Akayageuza hivi, akayageuza vile. Hakupata jibu, na mwenye kuulizwa alikwisha kuzikwa.

Mbwana hakuwa na shaka. Alinunua diski, kijisanduku cheusi cha ukubwa wa kitabu kidogo, ambamo nyimbo zote za baba yake ziliingia na nafasi ikabaki. Kila Ijumaa akirudi msikitini anachomeka waya, anabonyeza, anangoja, anachomoa, anaandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Diski kabatini, ufunguo mfukoni. Mvua ikinyesha, anachomeka, anabonyeza, anangoja, anachomoa, anaandika. Ana homa, anatetemeka ndani ya koti, anachomeka, anabonyeza, anangoja, anachomoa, anaandika. Miaka sita. Karatasi ilijaa tarehe ikabandikwa nyingine juu yake, na nyingine.

"Mama, muziki upo mara mbili," alikuwa akimwambia Bi Nyamvula. "Huu hapa na huu kabatini. Lala usingizi."

Bi Nyamvula akalala usingizi, ingawa hakuelewa kitu kinawezaje kuwapo mara mbili na kiwe kile kile.

Semeni mkewe hakushika diski hata siku moja. Yeye aliusikiliza muziki tu. Alikuwa ameolewa kutoka Lushoto, hawajui waimbaji wala walioimbiwa. Lakini kompyuta ilikuwa sebuleni, jiko lilikuwa ng'ambo ya ukuta, na Semeni alikuwa mtu wa kupika na muziki. Asubuhi anawasha, anachagua, anakwenda jikoni. Wimbo ukiisha anauliza, "Mama, huyu wa pili anayeitikia ni nani?" Bi Nyamvula anamwambia. Kesho anauliza mwingine. Mwisho wake Semeni akawajua wote, mpaka waliokohoa.

Mwasiti je? Mwasiti alikuja kwenye arobaini ya baba yake, akakaa siku tatu, akarudi Korogwe. Hakusema kitu.

Haya, sikilizeni sasa namna mambo yalivyoharibika.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Bi Nyamvula alikuwa akipangusa vumbi sebuleni, na kompyuta Semeni ameiacha inaimba. Akapangusa meza, akapangusa kioo, akapangusa vile vitufe vyenye herufi, akivikandamiza kwa kitambaa ili uchafu utoke katikati. Muziki ukanyamaza. Kwenye kioo pakatokea kijisanduku chenye maandishi ya Kiingereza. Bi Nyamvula hajui Kiingereza. Akaona aibu kumwita mkwe wake kwa jambo dogo. Akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote. Kijisanduku kikatoweka. Akashukuru Mungu, akaendelea na kupangusa madirisha.

Alhamisi, Semeni akataka kusikiliza wanawake. Akafungua, akatafuta, akafunga, akafungua tena. Jioni wakiwa wanakula, akamwambia mumewe, "Baba Mkami, ile folda ya Sauti za Ndani siioni."

"Umeangalia vibaya," Mbwana akasema.

"Nimeangalia mara tatu."

"Wewe unajua kupiga wimbo, Semeni, hujui kutafuta faili. Si kitu kimoja."

"Haya, ukaangalie wewe mwenye kujua."

"Nina nakala kabatini. Miaka sita nazihesabu Ijumaa. Humu hakipotei kitu."

Semeni akanyamaza. Aliposema mara moja na kujibiwa hivyo, hakurudia. Bi Nyamvula alikuwa na tonge mkononi. Alikumbuka kile kijisanduku. Akataka kuuliza, akajiambia, mimi nauliza nini, nitaitwa mzee anayechezea mashine. Naye akanyamaza.

Ijumaa ikafika. Mbwana akarudi msikitini, akachomeka, akabonyeza, akangoja, akachomoa, akaandika. Tena, kwa kuwa alikuwa mtu nadhifu, akamwaga na kile kikapu cha taka kilichomo ndani ya kompyuta, ambamo vitu vilivyofutwa hukaa kwanza kabla ya kupotea kabisa. Hakuangalia kilichokuwamo.

Wiki tano zikapita. Simu ikaita kutoka Tabora.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi Hidaya."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako imekuwa ya mtu mzima!"

"Nina miaka thelathini na moja, mama mkubwa. Nina mimba ya miezi mitano. Nimeambiwa huko kwenu ipo sauti ya mama yangu. Nataka nimsikie kabla sijaingia leba. Naogopa. Nitakuja mwisho wa mwezi."

"Njoo," Bi Nyamvula akasema. "Njoo, sauti ipo."

Alipokata simu Semeni alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akasema, na safari hii alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mama, haipo! Nilisema haipo! Haipo tangu wiki ile!"

Mbwana akaitwa kutoka shuleni. Akaja mbio, akafungua kompyuta. Hakuna. Akafungua kabati, akachomeka diski. Hakuna. Nyimbo za bendi zipo, kwaya ipo, ngoma ipo. Za wanawake, mia moja na arobaini, hakuna hata moja. Akatazama ile karatasi ya ukutani yenye tarehe zake zote, akakaa sakafuni.

"Si ulisema upo mara mbili?" Bi Nyamvula akamuuliza.

"Ulikuwa mara mbili, mama."

"Zimepotea zote mbili siku moja?"

"Diski inafuata kompyuta. Kikiongezwa huku kinaongezwa kule. Kikifutwa huku, mimi nikibonyeza, kinafutwa kule. Na kile kikapu cha taka cha kompyuta nilikimwaga Ijumaa ile ile."

"Kwa hiyo mwanangu, kila Ijumaa ulikuwa unatunza, au ulikuwa unafuta?"

Bi Nyamvula hakuwa amesema kwa kumsuta, aliuliza kwa sababu hakuelewa. Akangoja jibu mpaka akaona machozi ya mwanawe. Ndipo akaingia chumbani, akampigia Mwasiti, akalia kwenye simu. Hakumwomba kitu, alitaka tu wa kulia naye. Mwasiti akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, nakuja kesho."

Akaja na mkoba, na ndani ya mkoba diski yake.

"Mama, nina jambo," akasema, bado amesimama. "Kwenye arobaini ya baba, mlipokuwa mnaosha vyombo, nilinakili kila kitu. Na Sauti za Ndani pia."

"Ulizitoa?" Mbwana akaruka. "Baba alisema zisitoke!"

"Baba alisema zisikae mahali pamoja, kaka. Mimi nikaangalia. Kompyuta iko mezani, diski iko kabatini, paa ni moja. Moto ukiingia, vyote viwili. Mwizi akiingia, vyote viwili. Nikaona hapa ni mahali pamoja."

"Na neno langu?" Bi Nyamvula akauliza taratibu.

Mwasiti akainamisha kichwa. "Nililivunja, mama."

"Uliwapigia watu?"

"Mara mbili. Kibandani. Mara ya pili alipita mama mmoja, akasimama, akasema hiyo ni sauti ya bibi yangu, imefikaje hapa? Nikazima. Sikuzipiga tena. Wiki hii nilitaka kuzifuta, nipate nafasi niweke filamu. Nilikuwa nimeshapanga Jumamosi. Simu yako imefika Alhamisi."

Bi Nyamvula akashika ukuta. Hajui amkumbatie mwanawe au amfukuze.

Wakachomeka diski ya Mwasiti. Nyimbo zilikuwamo, lakini namna gani! Mwasiti alikuwa amezibana ziwe ndogo, zienee kwenye simu nyingi. Sauti zilitoka nyembamba kama za watu wanaoongea ndani ya debe. Na majina hayakuwapo, kila wimbo namba tu. Bi Nyamvula akasikiliza wa kwanza, wa pili, wa kumi, akachanganyikiwa. Wanawake aliokaa nao mkeka mmoja hakuwatambua. Yupi Bi Kijakazi? Yupi mama yake Zubeda? Akasema, "Hawa si wao."

"Ni wao, mama," Semeni akasema. "Huyu ni Bi Kijakazi, sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio. Huyo anayekohoa ni yule uliyeniambia alikuwa na pumu."

Siku ile ile Mbwana akakumbuka kitu. Kabla hajanunua diski kubwa alikuwa na ndogo, aliyoianza baba yake angali hai, kanda zikiwa hazijahamishwa hata nusu. Ilipojaa aliipeleka shuleni, akaitia kwenye kabati la maabara chini ya mitihani ya zamani, akaisahau. Akaenda, akapekua, akaipata. Ndani yake mlikuwa na nyimbo sitini za wanawake, safi kama siku zilipotoka kwenye kanda. Na wa Ashura ulikuwamo! Wakaufungua. Ashura akaimba, sebule nzima ikajaa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha pakakwaruza, wimbo ukakatika. Diski ilikuwa imeharibika mahali pale pale. Wakajaribu tena, ukakatika. Wakajaribu tena, ukakatika.

Kwa Mwasiti wimbo ulikuwa mzima dakika saba, lakini mwembamba.

Ndipo Semeni akakaa kitako. Alikaa siku tisa, amefunga kanga kiunoni, anasikiliza namba moja mpaka mia moja na arobaini, anataja jina, Mwasiti anaandika. Wimbo wa Ashura alishinda nao siku nzima peke yake. Akamwambia mumewe, "Kata hapa. Si hapo, hapa, kofi la tatu likishapigwa. Halafu unganisha na ule mwembamba." Mbwana akakata, akaunganisha. Safari hii hakubisha.

Hidaya akafika mwisho wa mwezi, miguu imevimba kwa safari. Wakamkalisha kwenye kochi, wakamwekea mto mgongoni. Mbwana akabonyeza.

Ashura akaimba. Hidaya hakusogea. Dakika nne mama yake alikuwa chumbani mle, karibu kabisa, mpaka unasikia midomo inavyofunguka. Kisha, baada ya kofi la tatu, sauti ikawa nyembamba, ikatoka mbali, lakini haikukatika. Ikaenda mpaka mwisho.

"Hapa ndipo anapoondoka," Hidaya akasema, mkono tumboni. Kisha akasema, "Rudieni." Wakarudia. Mara ya tatu alikuwa anaimba naye, chini chini, na Bi Nyamvula akasikia sauti mbili za damu moja katika chumba kimoja, jambo ambalo hakulitarajia katika uhai wake.

Furaha ikamzidi. Akaingia chumbani, akapanda kiti, akashusha juu ya kabati kitu kilichofungwa shuka. Lilikuwa gitaa la Mzee Mhando. Akatoka nalo, akasema mbele ya wote, "Baba yenu hakusema nimpe nani. Leo nasema mimi. Aliyeziokoa sauti hizi, gitaa hili ni lake, na yeye ndiye atakayeutunza muziki wa nyumba hii tangu leo."

Mbwana akanyoosha mikono. Mwasiti naye akanyoosha mikono. Na Semeni, ambaye hajawahi kuomba kitu tangu aolewe, akaweka sinia chini, akanyoosha mikono.

Bi Nyamvula akasimama na gitaa kifuani, anatazama mikono sita.

Mbwana akasema, "Mama, nani alifanya kazi miaka sita? Nani alichomeka, akabonyeza, akangoja, akachomoa, akaandika, na homa mwilini? Bendi zipo kwa ajili yangu. Kwaya ipo kwa ajili yangu. Dakika nne za mama mdogo Ashura, zile zilizo safi, zimetoka kwangu. Na neno lako sikulivunja. Nilikosea Ijumaa moja. Nani hakosei Ijumaa moja?"

Mwasiti akasema, "Kaka, na ile diski ya shuleni, shule ni nyumba hii? Wewe ulizitoa kwa kusahau, mimi nilizitoa kwa kukusudia, na za kutolewa ndizo zilizopona. Zilizobaki nyumbani zimepotea zote. Mama, nililivunja neno lako, sikatai. Lakini baba alisema mashine hufa kama watu, na mimi peke yangu ndiye niliyemsikia. Nyimbo themanini hazipo popote duniani isipokuwa kwangu. Na ningeweza kukaa kimya Korogwe, mkanihesabu mtoto mwema. Nilikuja nikasema."

Semeni akasema, "Mimi sina diski. Sikuzaliwa nyumba hii. Lakini niulizeni, ni nani aliyejua kuwa zimepotea? Mume wangu alikuwa na tarehe ukutani, hakujua. Wifi alikuwa na nyimbo, hakujua ni za nani, alikuwa anazifuta Jumamosi. Nilisema Alhamisi, siku moja kabla ya ile Ijumaa. Mngenisikiliza, tusingekuwa hapa. Niliposema mara ya pili ndipo mlipoamka. Na hizo nyimbo namba tupu, mngezipiga mkamsikia nani? Mkitaka mtunzaji, mtafuteni anayesikiliza."

"Ulisema mara moja, ukasusa," Mbwana akamjibu. "Wiki tano unajua, umenyamaza!"

"Nilinyamazishwa!"

"Basi nyote mlikosea," Mwasiti akasema, "mimi ndiye—"

"Nyamazeni," Bi Nyamvula akasema.

Gitaa lilikuwa linamlemea mikononi. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelijua.

"Aliyezifuta ni mimi."

Akawasimulia ile Jumatano. Kitambaa, vitufe, maandishi ya Kiingereza, kitufe kikubwa. Akawasimulia na ile Alhamisi, tonge mkononi, anasikia Semeni anasutwa, naye anajua, na hakusema.

Semeni akaketi. Mbwana akafunika uso, na Bi Nyamvula hakuweza kujua kama ni kwa uchungu au kwa afadhali. Mwasiti akasema polepole, "Kwa hiyo mama, ungesema Alhamisi, ..." akaacha hapo hapo, hakumaliza.

"Ningesema Alhamisi, zingekuwa kwenye hicho kikapu bado," Bi Nyamvula akamalizia mwenyewe. "Naelewa. Hilo tu ndilo ninaloelewa."

Maana mengine yote yalikuwa yamemvurugika. Akimpa Mbwana, anamtunuku mtu ambaye bidii yake ndiyo iliyolipeleka kosa mpaka kabatini. Akimpa Mwasiti, anawaambia wale wanawake, walio hai na waliokufa, kwamba neno lake lilikuwa upepo, na anayelivunja hulipwa. Akimpa Semeni, anampa mtu ambaye hakuokoa wimbo hata mmoja kwa mkono wake, aliyejua akanuna, na gitaa la Mzee Mhando linahama damu. Asipompa yeyote, atakuwa amevunja neno la pili kwa mdomo ule ule. Na yeye aliyefuta, aliyenyamaza, ana haki gani ya kuhukumu?

Akamgeukia mgeni. "Hidaya mwanangu, sauti ni ya mama yako. Sema wewe."

Hidaya akatikisa kichwa. "Siwezi, mama mkubwa. Dakika nne amenipa kaka, tatu amenipa dada, na zilipoungana ni mkono wa wifi. Mkiniambia nimtoe mmoja, nitakuwa namtoa kipande mama yangu."

Basi wakakaa hivyo, sebuleni, mchana kweupe, chai ikapoa vikombeni. Mbwana ameinyoosha mikono yake tena. Mwasiti ameirudisha yake lakini macho yako kwenye nyuzi. Semeni hakunyoosha tena, wala hakuondoka. Na Bi Nyamvula katikati yao, amelikumbatia gitaa, anapiga hatua moja kwenda huku, anasita, anapiga hatua moja kwenda kule, anasita.

Mimi mwenyewe nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila ninapofika hapa watu hugombana. Akina mama husema lao, walimu husema lao, vijana wa vibanda vya nyimbo ndio usiseme. Sijapata kuona kikao kilichokubaliana. Basi leo ni zamu yenu ninyi mliokaa hapa, na msiniambie ligawanywe, maana gitaa halikatwi.

Je, nani alistahili? Aliyetunza kila Ijumaa bila kuangalia, aliyevunja neno akaokoa, au aliyesikiliza akajua? Na huyo mtakayemtaja, mtamtazamaje usoni Bi Nyamvula mkimwambia kwa nini?